Kuruka Viunzi Tena Baada ya Kuanguka: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Farasi Anayemwamini

Farasi wangu anaitwa Marini. Ana miaka 14, na huu ni mwaka wetu wa sita pamoja. Nimempitisha katikati ya tuktuk na bodaboda za Malindi saa za sokoni, na siku moja mwavuli wa ufukweni uling'oka kwa upepo ukapita mbele ya pua yake, akasimama tu akanigeuzia sikio moja, kama anayeuliza kama ule mwavuli ni wangu. Kwa hivyo niliposema naogopa kuruka naye, watu walicheka. Unaogopaje farasi kama huyu?

Simwogopi yeye. Nilianguka Januari, kaskazi ikivuma, kwenye gogo la mvinje lililolala ufukweni. Lilikuwa gogo dogo, tena tulishaliruka mara nyingi. Siku hiyo, zikiwa zimebaki hatua tatu, kitu kikanishika tumboni nikavuta hatamu. Yeye alishaamua kuruka, akaruka. Mimi nikabaki nyuma, nikamning'inia mdomoni, tukatua yeye huku, mimi kule. Mtulinga ukavunjika na mkono ukafungwa wiki 6. Mfupa ukaunga vizuri. Lakini nilipopanda tena, hata ufito uliolala mchangani ulinikausha mate.

Saisi wetu, yaani mtunza farasi, ni mzee wa makamo ambaye hana maneno mengi. Nilipomwuliza, "Ami, nifanyeje?" alisema: "Mwanangu, farasi hakukosea. Miguu yako ilimwambia nenda, mikono ikamwambia simama. Sasa wewe ungekuwa yeye ungefuata lipi?"

Mwongozo huu wote umetoka hapo. Hofu ni yako, lakini anayelipa ni farasi, na hulipa kwa mdomo na mgongo wake. Ukimvuta lijamu, kile chuma cha mdomoni, akiwa hewani mara tano, mara kumi, yule anayekuamini ataanza kukataa viunzi, na utasema farasi ameharibika. Basi kazi ya kwanza haihusu ujasiri hata kidogo. Ni kupanga mambo hivi kwamba hata ukiogopa, hofu yako isimfikie mdomoni.

Kabla ya kupanda: itafute hofu ilipo

"Naogopa kuruka" ni maneno mapana mno, huwezi kuyafanyia kazi. Kaa chini, pitisha tukio zima kichwani polepole kama unayelitazama kwa nje: unageuka, unakinyookea kiunzi kilicho mbele yako, unakisogelea, unaruka, unatua, unaendelea. Ni wapi pumzi inapokatika? Kwangu ni zile hatua tatu za mwisho. Rafiki yangu mmoja haogopi kusogea wala kuruka, anaogopa kutua, kwa sababu farasi wake huongeza mbio akishatua. Dawa yake na yangu si moja. Yeye alihitaji kujifunza kumpunguza mwendo baada ya kiunzi, mimi nilihitaji kazi ya mikono yangu kabla yake. Andika jibu lako kwenye karatasi. Litakuongoza ujue ni hatua gani hapa chini uikalie muda mrefu.

Kisha jiulize kama hofu yako ina haki. Farasi mwenye maumivu ya mgongo, meno makali, kwato zilizorefuka au tandiko linalombana mabega ataruka vibaya, na mwili wako hulijua hilo kabla akili haijalijua. Mpitishie mikono mgongoni, bonyeza kidogo pande zote mbili za uti, uone kama anajikunja. Mtazame akitembea na akikimbia kwenye ardhi ngumu. Ukiwa na shaka yoyote mwite daktari wa mifugo kwanza. Hakuna mazoezi ya moyo yanayotibu mgongo wa farasi.

Vifaa, na mkanda mmoja wa bei rahisi

Kofia ngumu ya kupandia farasi, iliyokaza na yenye mkanda wa kidevuni, si jambo la kujadili. Kama ile uliyonayo ndiyo uliyoanguka nayo ikagonga chini, itupe hata kama huoni ufa. Tabaka la ndani hubonyea mara moja tu na halirudi. Viatu viwe na kisigino kifupi, ili mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko ukanaswa. Anayevaa hijabu, kofia ya kitambaa chepesi inayobana, bila pini, ndiyo inayokaa vizuri chini ya kofia ngumu. Leso, mitandio mirefu na ncha zozote zinazopepea ziache nyumbani, kwa usalama wako na kwa sababu upepo wa kusi hauna adabu.

Sasa mkanda. Tafuta ukanda laini wa ngozi, au kamba nene isiyokwaruza, umfunge farasi shingoni karibu na mabega, ulegee kiasi cha kupitisha ngumi. Huo ndio utakaoushika. Kila unapokaribia kiunzi, vidole viwili au vitatu vya kila mkono vinaushika ule mkanda, hatamu zikiwa bado mkononi lakini zimelegea kidogo. Hofu ikija na mikono ikataka kuvuta, itavuta mkanda, na mdomo wa farasi utasalimika. Kitu hiki kidogo ndicho kilichonirudisha mimi kwenye viunzi kuliko maneno yote ya kutiwa moyo. Wapo wanaouona ni wa watoto. Waache. Waliozoea kuruka viunzi vikubwa nao huutumia.

Mahali na wakati

Ukiwa na kiwanja cha mchanga uliolainishwa vizuri, umepata. Wengine wetu tuna bahari. Mchanga mkavu wa juu, ule unaozamisha mguu wa mtu, usiruke juu yake kabisa. Huchosha kano za miguu ya farasi na kumkwaza wakati wa kuruka. Unaotakiwa ni ule ulioachwa na maji punde, ulioshikana, ambao kwato huacha alama lakini haizami. Maji yakipwa wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ufukwe hupanuka sana. Kwenye pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu nafasi ni finyu. Saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo asubuhi nzuri ya Jumatatu siyo asubuhi nzuri ya Ijumaa. Waulize wavuvi, au tazama jedwali la maji.

Pita kwa miguu kwanza, bila farasi, njia yote utakayotumia pamoja na mita 20 za kutua na kupunguza mwendo. Unatafuta mashimo ya kaa, mawe ya matumbawe, vipande vya nyavu, chupa. Msimu wa kusi mwani huwa umerundikana, na farasi hawezi kujua chini yake kuna nini. Nenda asubuhi mapema au jioni, watu wakiwa wachache. Na usiende peke yako. Awepo mtu mmoja anayejua farasi, mwenye simu, na anayejua kunyamaza. Mtu anayepiga kelele "usiogope! usiogope!" umwache nyumbani na ile mitandio.

Fito zenyewe

Fito za mvinje ni nzuri: zimenyooka, zapatikana. Za mkoko ni nzito na hazivunjiki, zifae kulazwa chini tu. Urefu uwe karibu mita 3, unene wa kama sentimita 10, magome na vijiti vyote vimekwanguliwa. Za kuegemeza juu, mimi hutumia mitungi ya plastiki ya lita 20 niliyoitia mchanga kidogo ili upepo usiibebe. Ukiilaza ubavu ni kama robo mita kwenda juu. Vishikio vitazame nje. Ufito usifungwe hata kidogo, ukiguswa uanguke.

Jambo moja kuhusu macho ya farasi. Yako pembeni mwa kichwa, kwa hivyo huona karibu pande zote, lakini haoni vizuri kilicho mbele kabisa ya paji lake. Anapofika karibu na kiunzi, hukiruka kwa kumbukumbu ya alichokiona hatua chache nyuma. Ndiyo maana anahitaji umlete kwa njia iliyonyooka na umwachie uhuru wa kichwa akitazame. Ndiyo maana pia tunalaza ufito wa ziada chini, sentimita 20 au 30 mbele ya kiunzi upande anaotokea: unamsaidia kupima mahali pa kuondokea. Usiuweke upande wa kutua, utamdanganya.

Wiki ya kwanza: usiruke

Mwongoze kwa mkono, ukitembea kando yake, juu ya ufito mmoja uliolala chini, kisha mitatu. Mtazame anavyoinua miguu. Marini alifanya hivyo akipiga miayo. Unajifunza tena jambo ambalo kuanguka kulikufutia: kwamba yeye anajua pa kuweka miguu yake bila wewe kumwambia.

Halafu panda, ufupishe vikuku matundu mawili. Ujifunze kuinuka juu ya tandiko: matako yanaachana na tandiko kidogo, magoti na vifundo vimelegea, uzito unashuka visiginoni, kifua kimeelekea mbele lakini macho yako mbali, mikono kwenye mkanda. Fanya ukiwa umesimama, halafu kwa mwendo wa kawaida, halafu kwa matiti, yaani zile mbio ndogo za kudundadunda. Hesabu mpaka 20, pumzika, rudia. Mapaja yatawaka moto.

Hapa watu wa Lamu tuna tatizo letu wenyewe. Mimi nimekulia Lamu, mtoto wa vichochoro, na kabla ya farasi nilijua punda. Punda wa kwetu hupandwa bila tandiko, tena nyuma kabisa, karibu na kiuno, miguu ikining'inia. Ukitazama mbio za punda kwenye ukingo wa bahari wakati wa sherehe, utaona wote wamekaa hivyo, na wamekaa vizuri. Lakini kwa kuruka, mazoea hayo ni sumu. Mwili ukishtuka hurudi nyuma ulikofundishwa utotoni, na farasi anayeruka na uzito kiunoni ni kama mtu anayepanda ngazi huku mwenzake amemshika shati. Ilinichukua majuma kuacha. Kama nawe umetokea kwenye punda, kaa kwenye zoezi hili mara mbili ya wenzako.

Wiki ya pili na ya tatu: fito chini, na sauti

Ufito mmoja chini, kwa mwendo wa kawaida. Ukiwa umetulia, mitatu kwa matiti, ikiachana mita 1.3 hivi. Farasi mfupi anataka chini kidogo ya hapo, mrefu anataka zaidi. Mtazame miguu yake, ikitua katikati ya nafasi umepatia. Inuka juu ya tandiko kabla ya ufito wa kwanza, shika mkanda, tazama kitu cha mbali kilichosimama. Mimi hutazama mnazi mmoja. Ukitazama ufito, kichwa chako kizito kinakuja mbele na kifua kinafuata.

Na imba. Sina mzaha. Mtu anayeogopa huzuia pumzi, na pumzi ikizuiwa mgongo hukakamaa, na farasi huusikia mgongo huo kupitia tandiko kama unavyosikia mlango ukibamizwa. Huwezi kuimba na kuzuia pumzi kwa wakati mmoja. Kasida, nyimbo za harusi, chochote. Mimi niliimba vibaya kila asubuhi kwa wiki mbili, na wavuvi waliokuwa wakivuta mtumbwi wao walinizoea kuliko Marini. Usipotaka kuimba, hesabu hatua kwa sauti. Pale sauti inapokatika ndipo hofu ilipo, na sasa hata anayekutazama anaisikia, anaweza kukuambia.

Vipindi viwili kwa wiki vinatosha, dakika 30 au 40 kila kimoja pamoja na kumpasha moto. Usihamie hatua inayofuata mpaka umalize vipindi viwili mfululizo sauti yako haijakatika.

Mkasi

Kiunzi cha kwanza ni fito mbili zilizopishana kama mkasi: ncha moja ya kila ufito iko juu ya mtungi, nyingine chini, zinakutana katikati. Pale katikati pasizidi sentimita 20 kwa kuanzia. Umbo hili lina hekima: humwelekeza farasi katikati, na pale katikati ni chini kiasi kwamba anaweza kupavuka bila kuruka.

Laza ufito mwingine chini, mita 2.4 mpaka 2.7 kabla ya mkasi, ukija kwa matiti. Kazi yake ni kumfikisha mahali sahihi pa kuondokea bila wewe kufanya chochote. Hili lina maana kubwa kwa mwoga wa aina yangu, kwa sababu kilichoniangusha ni kutaka kuamua mwenyewe lini aruke. Ufito unaamua, farasi anatii, na wewe huna kazi ila kushika mkanda na kuimba.

Mpangilio wa siku ya kwanza, kama nilivyoufanya mimi: mkasi ukiwa wazi, fito zake zimelala kando, pita katikati mara tatu. Kisha lete ufito mmoja tu, ulale chini, pita mara mbili. Kisha pandisha mkasi. Ukiuruka mara tatu ukiwa unapumua, shuka. Hata kama unajisikia unaweza kuruka mpaka Mambrui, kule kaskazini mwa Malindi, shuka. Mara ya nne ndiyo iliyonifundisha hilo: nilijawa na furaha, nikasahau mkanda, nikamvuta. Aliruka hata hivyo, maskini, lakini aliporudi alisita.

Akisita au akikwepa, usimpige. Mgeuze kwa utulivu, punguza kiunzi mpaka kiwe ufito uliolala, mpitishe, msifu. Farasi mwema anayekataa ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo imepanda mgongoni mwake. Akikataa siku tatu tofauti, rudi kwenye suala la maumivu.

Ukiganda njiani

Itatokea. Unageuka, unakiona kiunzi, na mwili unakuwa jiwe. Amua mapema utafanya nini ili usiamue ukiwa umeogopa. Mimi nina alama mchangani, kama mita 15 kabla ya kiunzi. Kabla ya alama, naruhusiwa kugeuka kando, kuzunguka duara, kuanza upya, hata mara kumi; hakuna aibu na farasi haadhibiwi. Nikishapita alama, kugeuka ni haramu. Mikono kwenye mkanda, macho kwenye mnazi, miguu ikimkumbatia, basi. Kubadili nia baada ya alama ndiko kulikovunja mtulinga wangu.

Wiki za mwanzo nilizunguka sana. Saisi alihesabu duara saba siku moja, akasema farasi atadhani tumehamia kwenye maonyesho.

Kuongeza

Ongeza kitu kimoja kwa wakati: kimo cha kiunzi, au mwendo, au idadi ya viunzi. Kimo nakiongeza kwa sentimita 10 baada ya vipindi vitatu vitulivu. Viunzi viwili kwa mstari, ukiingia kwa matiti na kutaka hatua moja ya shoti, yaani mbio zilizo kasi kuliko matiti, katikati, huachana kama mita 5.5. Hapo farasi hutua kutoka cha kwanza tayari yuko kwenye shoti, na cha pili kinafika kabla hujapata muda wa kukiogopa. Wengi hofu yao hukatikia hapa. Yangu ilipungua, haikukatika.

Kuja kwa shoti toka mbali ni hatua ya mwisho kwangu, kwa sababu ndiko kuna muda mwingi wa kuwaza. Shoti iwe ile ya kujizuia, yenye midundo mitatu kila hatua, si ya kushindana. Hesabu mdundo kwa sauti tangu mbali. Ukiona idadi inakimbia, ni wewe unayemkimbiza.

Ukianguka tena, hata kidogo, ukapata kizunguzungu, kichefuchefu au ukasahau kilichotokea, usipande tena siku hiyo. Nenda ukaonwe na daktari. Ule usemi wa kumrudisha mtu juu ya farasi papo hapo umeumiza wengi.

Baada ya kila kipindi

Tembea naye dakika 10 mpaka pumzi yake itulie. Mwogeshe kwa maji baridi ya kisima kuanzia miguuni, uondoe chumvi yote, hasa chini ya mkanda wa tumboni na kwenye vifundo. Chumvi ikikauka hapo na jua letu, ngozi huchubuka. Pitisha viganja kwenye kano za miguu ya mbele, mguu huu na huu, ukilinganisha joto. Mmoja ukiwa na moto kuliko mwingine, mpumzishe wiki. Mpe maji ya kunywa ya kutosha; kwa joto la hapa, lita 30 mpaka 50 kwa siku si ajabu.

Mimi na Marini sasa tuko kwenye sentimita 60. Bado nafunga mkanda. Lile gogo la mvinje nilikwenda kulipima kabla maji ya bamvua hayajalichukua: sentimita 40.